Maka, Mtafuna Magome wa Balambala

"Nyumba ya binti yangu nitaitafuna mwenyewe, uzi kwa uzi," Maka alisema mbele ya wanawake wasiopungua sitini, "na mate ya mwanamke mwingine hayataingia humo. Mkeka wangu ukivuja hata tone, nileteeni niule, na chumvi siombi."

Hayo aliyasema kwenye arusi ya binti wa Khadijo, akiwa amekaa ndani ya nyumba aliyoifuma Khadijo, juu ya ngozi ya Khadijo, ameshiba nyama ya Khadijo. Jirani huyo alisikia. Akatabasamu kama mtu anayefunga kijiwe kwenye pindo la nguo, akijua ipo siku atakihitaji.

Lakini majigambo yale hayakuwa ya bure. Wakaa-porini wa Balambala hawajengi kwa udongo wala bati. Nyumba ni miti iliyopindwa, ikafunikwa mikeka mizito, na mikeka hiyo hufumwa kwa nyuzi za gome la mgunga. Gome halifumwi hivi hivi. Hubanduliwa, lile la ndani likatiwa kinywani, likasagwa kwa magego upande huu na upande ule mpaka ligeuke uzi. Kazi hiyo ni ya mama wa bi arusi pamoja na dada zake na majirani, na huchukua mwaka. Mama asiyeimaliza humpeleka mwanawe kwa mume katika nyumba ya kuazima, na aibu hiyo haifutiki hata kwa ngamia watatu.

Sasa Maka alikuwa na meno mekundu kuliko wote, mekundu ya maji ya gome. Wenzake wakipumzika kusengenya, yeye anasaga. Wakinywa chai, yeye anasaga. Walisema mamake alimzaa na kinu kinywani.

Kwa hiyo, mwaka wa 1951, Salat aliporudi kutoka Bura na habari kwamba amepokea mahari ya Zamzam, hakuna aliyeuliza nyumba itatoka wapi. Salat alikuwa ndugu wa Bare, marehemu mume wa Maka. Zamzam alikuwa mtoto pekee wa Maka aliyebaki, wa miaka kumi na saba, ulimi mkali, mikono myepesi kwa kila kazi isipokuwa ile moja. Gome hakuligusa. Ukimtilia mkononi, analiweka chini. Ukimgombeza, anakumbuka mbuzi aliyepotea.

"Wewe utatafuniwa mpaka lini?" Maka alimuuliza.

"Mpaka meno yako yaishe, hooyo," alimjibu mamake, akaenda zake mtoni.

Arusi ilipangwa kuwa siku kumi baada ya Idi. Mikeka saba ilihitajika. Mwezi wa Rajabu ulipoandama, minne ilikuwa tayari, na miti ya nyumba ilikuwa imekatwa na kulazwa kando ya boma. Ndipo taya la Maka likaanza.

Si kwamba lilikuwa kimya miaka yote. Upande wa kushoto, chini ya sikio, lilikuwa na mlio wake, kama kitasa kibovu, na asubuhi nyingine aliamka mashavu yamekaza utadhani amepigana na fisi usingizini. Hayo aliyazoea. Hili la sasa lilikuwa jipya. Alipokaa mbele ya ile miti na kutia gome kinywani, maumivu yalipanda sikioni, yakazunguka jicho, yakashuka shingoni, na taya likakataa kufunguka lote. Akajitungia kipimo. Aliingiza vidole vitatu katikati ya meno, vimesimamishwa. Vikapita kwa shida. Akajiambia ni baridi.

Mwezi wa Shaabani vilipita viwili.

Alianza kupima mara nyingi kuliko alivyoswali. Kabla ya kukamua, anapima. Baada ya kukamua, anapima. Akisikia mtu anakohoa nje, anageukia ukutani na kuingiza vidole kama mwizi anayeficha kitu mdomoni. Alihesabu siku zilizobaki, akazihesabu tena kwa kuanzia upande wa pili, asaa zitaongezeka. Mkeka wa tano ulikwenda nusu, ukasimama.

Alimwendea Billow, mhunzi, mtu wa kufua mikuki na kung'oa meno kwa koleo ileile.

"Lipi?" Billow aliuliza.

"Upande huu wote."

"Wote siwezi, mke wa Bare. Chagua."

Hakuchagua. Billow akachagua mwenyewe, akang'oa gego la nyuma, akalitazama juani, akasema, "Ajabu. Zima kabisa." Baada ya siku saba maumivu yako palepale, akang'oa la pili. Nalo zima. Akasema ubaya lazima umehamia la tatu, lakini Maka alikuwa ameshaondoka, damu kwenye shuka, mbuzi mmoja pungufu.

Akaja mzee wa kuchoma, akamtia alama tatu za kijiti cha moto nyuma ya sikio. Zikapona vizuri sana, ila taya halikusikia habari zake. Akaenda kwa sheikh, akapewa maji yaliyosomewa. Sheikh alimwambia aeleze kinachomsumbua moyoni. Maka akasema hakuna kinachomsumbua moyoni, ni taya. Khadijo naye alikuwa na jibu lake na alilipeleka nyumba kwa nyumba bila kutumwa: ni jicho baya. "Mtu hujisifia kinywa mbele ya watu sitini? Hata ngamia wa kuazima hasifiwi hivyo."

Maka aliamini hilo kuliko yote. Alijilaumu kwa yale maneno ya arusini, akajilaumu kutwa, na kadiri alivyojilaumu ndivyo alivyouma meno.

Ramadhani ilimsitiri. Mwezi ambao kila mtu hali mchana, nani atamjua asiyeweza kula? Wakati wa kufuturu alikunywa maziwa na uji, akasema tumbo limesinyaa. Kidole kimoja. Kuna siku hata hicho kiliingia kwa ubavu.

Kulikuwa na jambo ambalo Maka hakulifikiria, na alikuwa na ufundi mkubwa wa kutolifikiria.

Bare alikuwa mtu wa kupendwa. Kisimani watu walimpisha, mgeni hakuondoka kwake na njaa, na mashairi yake ya kusifu ngamia yalifika mpaka mji wa Diff kabla yake mwenyewe. Alipokufa kwa kifua mwaka wa njaa, wanaume walilia waziwazi. Ila Bare huyohuyo alikuwa na mkono wake wa nyumbani. Ulikuja saa za mchana, jua likiwa utosini, kambi nzima imejilaza kivulini. Kosa lilikuwa halina ukubwa: hatamu iliyolegea, maziwa yaliyochacha, jibu lililochelewa au lililowahi. Aliingia, akainama mlangoni, na Maka alijua kwa namna tu alivyoinama. Kofi lilitua palepale kila mara, chini ya sikio la kushoto. Siku mbaya lilikuwa fimbo ya kuchungia.

Nyumba ya mikeka haina siri. Ukipiga chafya, jirani wa tatu anakuombea rehema. Na baadaye ndani mlikuwa pia na mtoto mdogo amelala. Basi mara ya kwanza, miezi mitatu baada ya arusi, Maka alikuwa na gome kinywani, akaliuma. Hakuna sauti iliyotoka. Mara ya pili akalitia gome mapema. Toka hapo hakukaa bila gome kila jua lilipokaribia utosi, na mtu anayeuma gome kutwa, miaka kumi na mbili, nyuzi zitamtokea tu. Wanawake wakaja kuzitazama, wakazipitisha vidoleni, wakasema mashallah. Ndivyo alivyopata jina.

Bare alikwishakufa miaka sita nyuma. Taya halikuwa limepata habari.

Siku ya Idi walichinja. Watu walikaa kwa duara, wanawake upande wao, na Khadijo ndiye aliyegawa nyama. Alikata ubavu mnono, akamnyooshea Maka mbele ya wote.

"Kula, mtafuna magome. Wewe ndiye mwenye meno."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Idi hii! Au nyama yangu inavuja?"

Wanawake wakacheka. Maka akaupokea ubavu, akaupeleka mdomoni, na mdomo haukufunguka. Akausukuma. Mafuta yakamtiririka kidevuni. Kicheko kilikatika kidogokidogo, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukabaki ukimya na yeye katikati, ubavu umesimama kwenye midomo kama mtu anayepiga filimbi. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kulia.

Khadijo aliuchukua ule ubavu taratibu. "Maka," alisema kwa sauti nyingine kabisa, "hufunguki?"

Jioni ile Salat alikuja akasimama mlangoni. "Shemeji, watu wa Bura watafika baada ya siku kumi. Nimeona mikeka minne na nusu. Niwaambie nini?"

"Itakwisha," Maka alisema kupitia meno.

"Kwa kinywa gani?" Salat hakuwa mkali, na hilo lilimtisha zaidi. "Lori la ngozi linashuka Garissa kesho. Kuna daktari pale wa serikali. Nenda na Zamzam, anajua Kiswahili. Mkirudi hujafunguka, nyumba tutaazima kwa Khadijo."

Kwa Khadijo! Maka hakulala.

Lori liliwarusha juu ya ngozi za mbuzi siku nzima, na kila shimo la barabara lilipitia kwenye taya kabla ya kwenda kwingine. Zamzam alimtazama mamake akipima vidole, akageuza uso.

Aliyekuwa akitibu pale hakuwa daktari. Alikuwa dresa, msaidizi wa kufunga vidonda, jina lake Galgallo, mtu wa upande wa Wajir, msema Kioromo, aliyejifunza dawa jeshini na Kiswahili hukohuko. Maka mwenyewe alikuwa na Kiswahili kidogo, alichookota miaka miwili waliyoishi Garissa baada ya msiba, wakiuzia askari maziwa. Kilimtosha kukataa kukopesha.

"Fungua," alisema Galgallo. Akapata upenyo wa kidole. Akachungulia na tochi. "Magego mawili yako wapi?"

"Yaling'olewa na mhunzi," Zamzam akajibu.

"Yalikuwa na ubaya gani?"

"Hayakuwa na ubaya. Yalikuwa karibu tu."

Galgallo alijizuia kucheka. Akaweka vidole viwili chini ya sikio la kushoto, akabonyeza kidogo. Maka aliruka kiti, mikono ikapaa juu kukinga uso, kichwa kikazama mabegani. Alibaki hivyo. Akagundua kuwa yuko hivyo, akaishusha mikono mmoja mmoja, akapanga shuka lake lililokuwa limepangika.

Dresa hakumsogelea tena. Alivuta stuli akakaa mbali kidogo.

"Nilikuwa Burma wakati wa vita," alisema. "Kulikuwa na vijana walirudi hawana jeraha hata moja. Lakini taya limefunga, kichwa kinauma, wanasaga meno mpaka unasikia kitanda cha pili. Mizinga imenyamaza, taya linaingojea bado. Dada, muulize mama. Aliwahi kupigwa hapa?"

Zamzam alifungua kinywa kutafsiri. Maka akamuwahi, kwa Kiswahili chake cha maziwa.

"Habana! Habana bigwa mimi. Ngamia. Ngamia nabiga."

"Ngamia alikupiga."

"Ngamia. Samani sana."

Galgallo alimgeukia binti. Zamzam alikuwa akitazama sakafu. Maka akamvuta pindo la nguo kumzuia, akachelewa.

"Ngamia huyo," alisema Zamzam, "alikuwa anaitwa Bare. Ni babangu."

Nje, inzi waligonga wavu wa dirisha. Galgallo hakuandika kitu. Aliuliza tu maumivu yanazidi lini, na Zamzam akamweleza: tangu ilipokatwa miti ya nyumba ya arusi. "Ya kwako?" "Ya kwangu." "Aha," akasema. Akawapa vidonge vya siku chache. Akasema kitambaa cha maji ya moto, asubuhi na jioni. Midomo ifungwe, meno yaachane, ulimi ukae katikati kama mlinzi. Chakula laini. Gome marufuku, miezi miwili kwa uchache.

"Na litapona?" Zamzam aliuliza.

"Litalegea. Kupona sijui. Wale wa Burma, wengine walipona. Walioongea walipona zaidi, lakini hiyo si dawa ya kabati langu."

Walikaa kwenye kivuli cha ukuta. Maka alitaka kumpiga mtoto kofi. Mkono uliinuka, akauona ulivyoinuka, akaukalia.

"Nani alikwambia?" aliuliza, kwa Kisomali sasa, kimya kimya.

"Nani aniambie? Nyumba ya mikeka, hooyo. Hata mbuzi walijua."

"Sikulia hata siku moja. Hata siku moja! Ulikuwa umelala."

"Nilifumba macho. Hukulia, ni kweli. Nilisikia gome. Unasaga polepole. Halafu kinasikika kitu. Halafu unasaga haraka haraka, kwa nguvu, mpaka nahisi ni mifupa yangu." Zamzam alikuwa akichora mchangani kwa kidole na kufuta. "Unaniita mvivu. Mtu akitafuna gome karibu yangu, mimi nataka kutapika. Kila mkeka ulioufuma tangu nichumbiwe, nimelala nje."

Miaka kumi na mbili Maka alikuwa ameziba mlango, kumbe mtoto yuko ndani ya chumba.

"Hiyo nyumba," Zamzam aliendelea, "wanawake watasema imefumwa vizuri. Lakini mimi ndiye nitakayelala humo. Bura, siku saba kutoka kwako. Sitaki kulala ndani ya kule kusaga. Iliyobaki usiitafune. Nakuomba."

"Niliapa mbele ya watu."

"Najua. Nilikuwepo."

"Khadijo atacheka mpaka ajikojolee."

"Acha acheke, hooyo. Alikuwa jirani yetu wakati ule. Anajua alichosikia, na alinyamaza kama wewe."

Maka alikumbuka uso wa Khadijo ule ubavu ulipokwama. Akakumbuka sauti ile nyingine. Akauondoa mkono chini ya paja, ulikuwa umekufa ganzi.

"Abdille yukoje, huyo bwana arusi wako?" aliuliza ghafla. Lilikuwa swali alilotembea nalo tangu Rajabu bila kulipa jina.

"Sijui. Nimemwona mara mbili, na mara zote mbili alikuwa anakunywa chai."

"Aliishikaje bilauri?"

"Kama mtu anayekunywa chai!" Zamzam alicheka na kulia kwa pamoja, kamasi ikamtoka. Maka akampangusa kwa pindo la shuka, kwa nguvu, kama anavyopanguswa mtoto.

"Sikiliza," alisema Maka. Maneno yalitoka kwa shida, yakibanwa na meno, lakini yalitoka. "Akikuinulia mkono, usiume kitu. Umenisikia? Piga kelele. Piga kelele kambi nzima iamke, wazee waache shauri lao, mbuzi wakimbie. Aibu si yako. Halafu njoo nyumbani, hata kwa miguu."

"Na Salat akinirudisha?"

Maka alifikiri. Hofu ile ilikuwepo bado, imekaa palepale kifuani, haikuwa imekwenda popote. Bura ilikuwa mbali vilevile, na Abdille alikuwa hajulikani vilevile.

"Atanipitia mimi kwanza," alisema.

Waliinuka. Lori lilikuwa linaondoka alasiri. Walipita penye maduka, na kwenye la tatu Maka akasimama, akamwonyesha muuzaji kwa kidole vitu vilivyoning'inia mlangoni: kamba za mkonge, nyeupe, zimesokotwa na mashine, hazijaguswa na jino la mtu.

"Za kufungia mizigo, mama?" muuzaji aliuliza.

"Za nyumba," alijibu Zamzam. "Tutazifumua, tufume mikeka miwili na nusu."

"Mikeka ya mkonge? Watu watawacheka."

"Najua," alisema Maka mwenyewe. "Kiasi gani?"

Bunda moja, shilingi nne na senti hamsini. Walichukua matatu.